Barua kwa mwanangu: Bwana hana naibu

Furaha mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango ili baba yako asisikie. Unasema mchungaji wa huko Kinshasa amekwambia tumbo lako limefungwa kutoka upande wa baba, na usipokatwa minyororo ya ukoo kwa mfungo, pamoja na ile mbegu ya dola, yaani sadaka anayoitaka, baraka hazitapita. Halafu ukaniuliza kwa sauti ndogo: Mama, ni kweli bibi alikuwa na kitu?

Nimeona niandike, maana mambo haya hayasemwi kwa simu.

Mimi na bibi yako hatukupendana, wewe unajua, na yale ya kitenge cha harusi sitayarudia. Kwa hiyo usidhani ninamtetea kwa mapenzi. Lakini siku ile nabii alipoingia nyumbani kwetu wewe ulikuwa kwa masista, umesimuliwa vipandevipande tu, na baba yako akisimulia huwa anaongeza chumvi.

Mdogo wako alikuwa ameanza kuanguka kifafa. Jirani akatuletea mtumishi wa Mungu. Alivaa koti jeupe, viatu vimejaa matope ya Kadutu, akavivua mlangoni vizuri kabisa kama mtu mwenye adabu. Akahubiri karibu saa nzima kwamba Yesu yuko juu ya kila enzi na kila mamlaka, na mimi nikawa naitikia amina, maana alichosema ni kweli. Kisha akazunguka sebule, akasimama mbele ya bibi aliyekuwa kwenye kiti chake kifupi akichambua maharage. Akanyoosha kidole: “Mzizi uko hapa.” Kidole kilikwenda mbele, miguu ikarudi nyuma.

Bibi hakuacha maharage yake. Akamtazama tu. “Wewe uliyetumwa na aliye juu ya wote, mbona unarudi kinyumenyume? Mimi nimebakiza meno matatu.”

Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikimbilia jikoni nikachekee huko, kwa heshima ya mgeni.

Ila neno lilikuwa limeshatoka, na jirani alikuwepo. Unakumbuka kile kibakuli cha buluu alichokuwa akiwapimia watoto wa uani maharage jioni? Waliendelea kukipokea kwa mikono miwili, aksanti bibi, wakafika kwenye kona wakamwaga mtaroni. Asubuhi bibi akaenda kumwaga maji, akayakuta maharage yake pale, yamevimba. Hakusema kitu. Jioni akapika kiasi kilekile. Mdogo wako alipelekwa hospitali, akapewa dawa, anazimeza mpaka leo na anashona nguo zake sokoni kama mtu yeyote, lakini hakuna aliyerudi kumwambia yule mzee samahani. Jambo hilo linanichoma kuliko kifafa chenyewe.

Sisemi nguvu za giza hazipo. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba hatushindani na damu na nyama, na mimi nimeishi Bukavu, nimeona mambo ambayo damu na nyama peke yake haiwezi kuyabuni. Lakini Paulo huyohuyo anawaambia Wakolosai kwamba vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana, enzi na mamlaka, viliumbwa kwa njia ya Kristo na kwa ajili yake, tena pale msalabani alizivua hizo mamlaka akazianika hadharani. Sasa mtu anayekuhubiria hivyo asubuhi, mchana anakuomba umwogope kikongwe, anamwamini nani hasa? Bibi yako alikuwa na neno lake, mlilichoka wote: Bwana hana naibu. Hana naibu wa kushika baraka zake mlangoni, wala shetani si naibu wake, wala mchungaji.

Alizaliwa chini ya Wabelgiji. Alimwona Schramme, yule Mbelgiji, na mamluki wake wakiukalia mji huu mwaka 1967, kila mtu akisema hawatoki. Akaona picha ya Mobutu katika kila ofisi. Akaona waasi wa AFDL wakiingia Oktoba 1996, na Askofu Mkuu Munzihirwa akiuawa Nyawera tarehe 29 mwezi huohuo, yeye aliyebaki na watu wakati wakubwa wamekimbia. Kisha waasi wa RCD. Kwa kila mmoja alisema neno lilelile: huyu naye anajiona naibu. Angekuwa hai Februari 2025, M23 walipoingia, angelisema tena, na ningemwomba apunguze sauti.

Nami nilibishana naye, usifikiri nilikuwa naitikia tu. Mwaka 2000 RCD walipomzuia Askofu Mkuu Kataliko asirudi Bukavu, wakamweka Butembo kwa sababu ya ujumbe wake wa Noeli, mji uligoma. Wewe ulifurahia kukosa shule. Aliporudi Septemba, bibi alitandika kitenge chake kipya barabarani, kile asichokubali hata nikiguse. Akasema mnaona? Haya, tukaona. Tarehe 4 Oktoba tukasikia amefia Roma. Hata mwezi haukupita. Nikamgeukia kwa hasira: sawa, Bwana hana naibu, lakini Bwana mwenyewe yuko wapi? Akaniambia moto unazimika, niongeze makaa. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu au alikuwa na njaa.

Yesu alimwambia Pilato kwamba asingekuwa na mamlaka yoyote kama asingepewa kutoka juu. Naliamini hilo neno. Na kila nikiliamini nauliza: kwa nini anawapa hawa? Padri wetu hupenda kusema shetani ni kuku aliyekwisha kukatwa kichwa, anarukaruka tu. Mimi nimechinja kuku wengi, padri, na hakuna aliyeruka miaka elfu mbili. Lakini nikimsikia mtu akisema basi, Mungu ameshindwa, naona huyo amekosea zaidi yangu. Ndivyo ninavyosali, nusu nikigomba.

Huyo mchungaji wako atakufungulia Kutoka 20, uovu wa baba kwa watoto hadi kizazi cha tatu na cha nne. Mwambie asome na mstari unaofuata, rehema kwa maelfu. Kisha afungue Ezekieli 18, pale Mungu anapowakataza kabisa Waisraeli ile mithali ya baba kula zabibu mbichi na watoto kufa ganzi ya meno. Na Yohana 9, wanafunzi wakiuliza nani alitenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake. Yesu alijibu wala huyu wala wazazi. Hakumwita bibi wa mtu.

Sasa, uende au usiende? Wewe ni mtu mzima, una nyumba yako, na kulia usiku kwa ajili ya mtoto si jambo la kuchekwa na mtu aliyezaa. Baba yako angekukataza. Nilikuwa nimeandika sentensi moja hapa, nimeikata, amua mwenyewe. Ila kama utaenda, wakikuomba jina la bibi waliandike kwenye karatasi walichome, usiwape. Waambie umelisahau.

Na jambo moja hukulitaja. Umepimwa wewe, umeombewa wewe, umefunga wewe. Mumeo je, amepimwa?

Mama yako