Fomu siksi nilipata wani, chuoni nimepata 9 kwa 20

SWALI: Dada shikamoo. Nina miaka 20, niko mwaka wa kwanza nasoma uchumi kwenye chuo kimoja hapa hapa Dar, nakaa Kimara kwa mjomba. Fomu siksi nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu) bodingi nikapata divisheni wani ya pointi 6, nyumbani wakanichinjia mbuzi kabisa. Sasa testi ya kwanza nimepata 9 kwa 20, na nilikesha siku tatu nakariri slaidi zote. Lekchara anaingia anaongea saa mbili anatoka, hatoi notsi kama walimu wetu, tuko zaidi ya mia tatu, mi nakaa nyuma simsikii vizuri. Naogopa kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, na mkopo wa bodi upotee. Nimeanza kuwaza labda ile wani ilikuwa bahati tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hilo la mwisho maana ndo limeniuma zaidi kulisoma. Wani ya pointi 6 haiji kwa bahati, uliisotea, sema ulivyokuwa unasoma kulifaa kwa mtihani ule. Ulikuwa na miaka miwili, kengele ya prepo kila jioni, mwalimu anajaza ubao, na pasti pepa za NECTA za miaka kibao, yote hayo kwa ajili ya mtihani mmoja wa Mei. Chuoni semista ina wiki kama 15 za vipindi, testi inakuja wewe bado unaulizia venyu ziko wapi, na maksi zake zinaingia kwenye matokeo moja kwa moja.

Ila tupige hesabu kwanza kabla hujajifukuza mwenyewe. Vyuo vingi koswaki, yaani testi na asaimenti za semista, ni 40 na UE, mtihani wa mwisho wa semista, ni 60. Umeshapata 9, zimebaki 20 za koswaki na 60 za UE, jumla 80. B plasi inaanzia 60, kwa hiyo unahitaji 51 kati ya hizo 80. Hata A ya 70 bado inawezekana, inataka 61, ni ngumu lakini haijafungwa. Kwahiyo hilo neno disko liweke pembeni, ni mapema mno, halafu ukipata muda soma kanuni za mitihani za chuo chenu ujue mwenyewe mstari wa kusapu (kurudia mtihani) uko wapi na wa kudisko uko wapi, usitegemee stori za hosteli.

Sasa kilichokuangusha. Umesema ulikariri slaidi. Slaidi ni vichwa vya habari tu, nyama iko kwenye maelezo ya lekchara na kwenye vitabu alivyoviorodhesha kwenye kozi autilaini, ile karatasi ya wiki ya kwanza ambayo wengi hawaifungui tena. Na swali lenyewe limebadilika. Fomu siksi unaambiwa taja na eleza sababu tano za mfumuko wa bei, unashusha tano, unapata maksi zako. Chuoni unaulizwa hivi: bei ya unga imepanda, je Benki Kuu ikipandisha riba itasaidia? Hapo ukimwaga sababu tano hujajibu. Inabidi useme kama unga umepanda kwa sababu mahindi yamekuwa machache, kupandisha riba kunawabana watu kukopa na kutumia lakini hakuongezi hata gunia moja sokoni, halafu useme ni hali gani ingesaidia, mfano kama bei zinapanda kwa sababu hela ni nyingi mikononi mwa watu kuliko bidhaa zilizopo. Ni mada ileile uliyosoma EGM, ila sasa wanataka uitumie.

Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilirudishiwa asaimenti ya kurasa tano, pembeni ya kila aya kuna neno moja la wino mwekundu, "kwa nini?", aya ya kwanza mpaka ya mwisho. Nililia. Baada ya wiki nikajikaza nikaenda ofisini kwa yule lekchara, nikakaa kama dakika kumi hivi, akachukua aya moja tu tukaiandika upya pamoja, na mpaka leo ndo hivyo naandika. Kwahiyo nenda na karatasi yako ya testi, saa za ofisi mara nyingi zimebandikwa mlangoni. Usiende kuomba maksi, muulize swali hili ulitaka nilijibuje. Kati ya watu mia tatu wanaoenda ni wachache, anakuwa na muda na wewe.

Na suala la muda. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi, sasa kozi ya krediti 12 ni saa 120, gawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kila wiki. Ukitoa lekcha na semina labda saa 4, zinabaki 4 ambazo hakuna wa kukupigia kengele, na ni kwa kozi moja hiyo. Ndo maana kukesha siku tatu hakutoshi hata ukomae vipi. Na wewe wa Kimara ukifika nyumbani saa mbili usiku umechoka na foleni, msuli wa kusoma hauendi, kwahiyo maliza hukohuko, ukitoka lekcha kaa kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, siku hiyohiyo uandike kwa maneno yako alichosema. Tafuta wenzako watatu au wanne wa diskasheni, ambao kila mtu anakuja ameshasoma. Na kaa mbele bwana, wahi dakika ishirini upate kiti.

SWALI: Dada habari za kazi. Binti yangu anaanza chuo mwaka huu. Nimtafutie mwalimu wa twisheni kama nilivyofanya sekondari? Mama, Mbagala.

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, hiyo hela ya twisheni afadhali umnunulie kompyuta hata ya mtumba, maana asaimenti zinachapwa, na kipindi hiki akiwa nyumbani ajizoeze kuchapa. Halafu akirudi likizo usimuulize amekuwa wa ngapi darasani, chuoni kila mtu ana GPA yake (wastani wa matokeo yake) na wengi hawajui hata jirani amepata nini. Muulize kozi gani inamsumbua na kama ameshaenda kumwona lekchara wake.