Gari Imezima au Bado Inawaka? Majibu ya Maswali Yenu ya Kuwasha, Kupaki na Kujaza Mafuta

Meseji za safari hii karibu zote ni za watu waliohama kutoka gari za kuzungusha ufunguo kwenda za kubonyeza. Karibuni sana mjini. Nimechukua chache, waliouliza kitu kilekile wasome jibu la mwenzao.

Fundi habari za kazi. Nimeuza Vitz yangu nikachukua Aqua, sasa nikibonyeza batani sisikii kitu, mara nyingine sijui hata kama imewaka. Juzi baba watoto kaamka asubuhi kakuta gari imelala inawaka usiku kucha hapo uani. Hii ni kawaida au nimeuziwa gari bovu? (Mama wawili, Tabata)

Nzuri mama, gari sio bovu, haibridi (gari za petroli na umeme pamoja) ndo zilivyo, ila usilichukulie poa. Miaka yote tumezoea kuwasha gari kwa sikio, ukisikia mlio unajua imewaka, ukisikia kimya unajua imezima, sasa kwenye Aqua sikio halikusaidii kitu. Angalia dashibodi. Kanyaga breki, taa ndogo kwenye batani itageuka kijani, bonyeza mara moja, alafu subiri neno READY liwake. Likiwaka hilo, gari iko tayari kuondoka hata kama iko kimya kama msikiti saa nne asubuhi, kwahiyo ukimwachia mtoto akacheza na gia hapo inaondoka kweli. Ukibonyeza bila kukanyaga breki hujawasha injini, umefungua redio na taa tu, na hapo ndo watu wanamaliza betri wakidhani gari imezima.

Kuhusu kulala inawaka, shukuru iko uani kwenye hewa. Haibridi ikiachwa kwenye READY, injini ya petroli inajiwasha yenyewe kila betri kubwa ikishuka, inachaji, inazima, inarudia tena hivyohivyo mpaka mafuta yaishe. Kama gari iko kwenye gereji iliyofungwa iliyoungana na nyumba, ule moshi una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaingia ndani watu wamelala. Marekani kuna familia zimepoteza watu kwa namna hii hii, mtu kapaki, kashuka na rimoti mfukoni, kaingia kulala akijua kazima. Mwenye gereji ya kufunga hapa kwetu naomba hili alisome mara mbili.

Na kuna jambo lingine dogo linasumbua mno wanandoa. Gari ikishawaka haizimi kwasababu rimoti imetoka, inapiga kelele kidogo tu basi. Kwahiyo mnaondoka wawili, rimoti iko mfukoni mwa mzee, unamshusha Kariakoo, unaendelea na safari yako mpaka Mbagala vizuri kabisa, unazima ununue samaki, ukirudi haiwaki. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, ni kumpigia mzee simu. Kabla mtu hajashuka muulize rimoti iko wapi.

Rimoti ikifa betri ndo nimekwama? (Dereva wa taxi ya mtandaoni, Sinza)

Hujakwama kaka. Ndani ya rimoti nyingi kuna ufunguo wa chuma umefichwa, kuna kitufe kidogo pembeni unakivuta unatoka, huo unafungulia mlango wa dereva. Alamu inaweza kulia, usiogope majirani. Ukishakaa kanyaga breki, shika rimoti iguse kabisa batani ya kuwashia, gari nyingi za Toyota zitalia mlio mfupi, hapohapo bonyeza. Kale kabetri kanakuwa bapa kama sarafu na namba yake imeandikwa juu, kitoe uende nacho dukani usinunue kwa kukisia.

Jamani auto inasukumwa ikawaka au haisukumwi? Hapa kijiweni tumegombana. (Kijana wa Ilala)

Haisukumwi. Kwenye manyuo (gari ya gia za mkono) tairi linazungusha gia, gia inazungusha injini, ndomana mkisukuma inashika. Kwenye auto kinachofanya gia ishike ni presha ya oili, na pampu ya hiyo oili inazungushwa na injini yenyewe, sasa kama injini imelala mtasukuma mpaka Buguruni bila faida. Busti betri kwa waya. Mwekundu anza kwenye chanya ya betri iliyokufa, alafu chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho ya mweusi ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari mbovu, sio kwenye betri yake, kwasababu betri inatoa gesi na ile cheche ya mwisho usiitake karibu nayo.

Shikamoo fundi. Mtoto wangu ana mkono mrefu, akibonyeza ile batani nikiwa spidi barabarani si tutakufa? (Mama wa Mbezi)

Marahaba mwanangu. Akigusa mara moja haizimi, waliotengeneza walishamfikiria mtoto wako. Kuzima ukiwa kwenye mwendo lazima ushikilie batani sekunde mbili au tatu, au kwenye Toyota uibonyeze haraka haraka mara tatu au zaidi. Na hili jifunze mapema ukiwa na akili timamu kwasababu siku ya kulihitaji hakuna muda wa kusoma kitabu. Agosti 2009 kule California karibu na San Diego, Lexus ya kuazimwa ilikimbia yenyewe, kapeti la sakafuni la gari ya aina nyingine lilikuwa limebana pedali ya mafuta, dereva alikuwa askari wa barabarani mzoefu kabisa na bado walikufa wote wanne. Gari ikikuvuta hivyo kanyaga breki kwa nguvu zote bila kuachia achia, weka N (gia huru), ukishapata pembeni ndo uzime. Ukizima kwanza usukani unakuwa mzito. Na nyie mnaopanga kapeti tatu juu ya nyingine upande wa dereva, toeni.

Naishi Mwanza, kwetu ni mlimani mtupu. Nikipaki naweka P nashuka, ila nikitaka kuondoka gia inatoa mlio "ko!" kama inavunjika. Gia imechoka? (Msomaji wa Bugando)

Gia haijachoka bado, unaichosha wewe. Ile P ndani yake ni kipande cha chuma kidogo kinachoingia kwenye meno ya gia, basi. Wewe unapaki kwenye mteremko, tani nzima ya gari inalala juu ya hicho kichuma, ndo unasikia "ko!" kikichomoka. Fanya hivi: breki ya mguu ikiwa bado imekanyagwa weka N, vuta handbreki mpaka mwisho, achia mguu kidogo uone gari imekaa kwenye handbreki, kanyaga tena, sasa weka P. Mlio utaisha siku hiyohiyo. Kama handbreki haishiki hapo ndo uje gereji, wengi mnaendesha handbreki zilizokufa zamani na hamna habari.

Tairi nazo zigeuze. Sisi tunapaki kushoto, ukiangalia chini ya mlima kata kushoto, ikiteleza itagonga ukingo isimame. Ukiangalia juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia ili ikirudi nyuma tairi liegemee ule ukingo, kama hakuna ukingo kata kushoto iangukie pembeni isirudi barabarani kwa watu. Jiwe nyuma ya tairi ni zuri sana pia, ila ukiondoka LITOE, mmejaza mawe barabara za watu usiku bodaboda wanayavaa.

Kwa wenye gia za kisasa zile za kusukuma kidogo zinarudi katikati zenyewe, kama Prius, mkono haukuambii tena uko gia gani, soma herufi kwenye dashibodi ndo ushuke. Muigizaji Anton Yelchin alikufa Juni 2016 nyumbani kwake Los Angeles, Jeep yake yenye gia ya namna hiyo iliteremka ikambana kwenye nguzo ya geti, na kampuni ilikuwa tayari imeshatangaza kuziita gari zaidi ya milioni moja zirekebishwe kwa ajili ya gia hizohizo. Kijana wa miaka 27.

Mkiwa shamba msipaki juu ya majani makavu, masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosti) chini ya gari yanakuwa moto mno hata ukishazima, majani yatawaka.

Kuzima gari sheli ni lazima kweli? AC ikizima watoto wanalia. Pia mhudumu akijaza ful tenki ikikata namwambia aongeze ifike namba nzima, kuna ubaya? (Baba wa Kigamboni)

Lazima, na kwenye gari za kuzima zenyewe kwenye foleni au haibridi zima kabisa kwa batani, kimya hakihesabiki, inaweza kujiwasha bomba likiwa ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini unakoelekea huuoni, unachosubiri ni cheche tu. Na cheche sio sigara peke yake, hata nguo yako ukitelezesha kwenye kiti inabeba umeme, kwahiyo ukishuka gusa chuma cha bodi kwanza na usirudi ndani katikati ya kujaza.

Kuongeza baada ya kukata acha. Juu kwenye tenki pameachwa nafasi ya mvuke, na mvuke unapita kwenye kopo la mkaa linaloudaka usitoke nje. Ukilazimisha, petroli mbichi inaingia kwenye mkaa, taa ya injini inawaka, gari inakuwa ngumu kuwaka ikitoka sheli, alafu unakuja kwangu kubadilishiwa plagi zisizo na kosa. Elfu moja ya kuzungusha namba ikae vizuri inakula hela nyingi.

Ukinunua kwenye dumu liweke chini ardhini ndo lijazwe, lisijazwe likiwa kwenye buti. Na nyumbani usiliweke jikoni wala chumbani, tulishaona Msamvu Morogoro Agosti 2019 petroli iliyomwagika inafanya nini, watu zaidi ya 100 walikufa.

Nimewekewa petroli kwenye dizeli, nifanyeje? Niko hapahapa sheli. (Msomaji wa Chalinze)

Usiwashe, hata redio usifungue, kwenye gari nyingi ukifungua switchi tu pampu ya ndani ya tenki inaanza kusukuma. Weka N, isukumeni pembeni, tenki likamuliwe lote. Dizeli ndo inalainisha pampu ya presha, petroli inaiosha ikakauka, chuma kinasagika na unga wake unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Kukamua ni hela ya siku moja, nozeli ni hela ya kuuza kiwanja. Kosa hili linatokea kirahisi kwasababu bomba la petroli ni jembamba linaingia vizuri kwenye tundu la dizeli, la dizeli kwenye gari ya petroli mara nyingi linagoma. Kwahiyo taja "dizeli" kwa sauti ukiwa umeshashuka, na simama uangalie bomba gani limenyanyuliwa.

Tenki liko upande gani, kila siku naingia sheli vibaya. (Mpya mjini)

Angalia alama ya pampu kwenye geji ya mafuta, gari nyingi zina kimshale pembeni yake. Kinapoelekea ndo tenki liliko.