Mwanangu, wale hawakulala

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili mbili. Unauliza inakuwaje dola kubwa ya Afrika Magharibi kama Songhai, yenye Gao mji wake mkuu, Timbuktu na Djenne, ipigwe na watu 4000 tu kutoka Morocco, halafu ukamalizia "baba, kwani wale walilala?" Hilo neno limenigusa, ndo maana naandika badala ya kukupigia.

Nianze na chumvi. Mimi nimeuza chumvi ya jumla dukani miaka yote uliyokua, kwetu ni kitu cha bei rahisi, lakini kule katikati ya Sahara kulikuwa na machimbo yanaitwa Taghaza, msafiri Ibn Battuta alipita 1352 (huyu huyu aliyefika Kilwa 1331) akakuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, mti hakuna hata mmoja. Ngamia alibeba mabamba mawili, mzigo ukifika mji wa Walata unauzwa mithkali 8 mpaka 10 za dhahabu (mithkali ni kipimo chao cha uzito), ukishuka mpaka mji mkuu wa Mali ni 20, 30, hata 40! Enzi hizo njia ilikuwa ya Mali. Baadae Songhai wakaichukua, mfalme wao Sunni Ali akaingia Timbuktu 1468, Askia Muhammad akakamata kiti 1493 (Askia ndo cheo cha wafalme wao toka hapo). Sasa angalia, dhahabu yatoka kusini mbali huko, chumvi yatoka kaskazini, wao wamekaa katikati kwenye mto Niger wanalinda misafara na kutoza ushuru. Na watumwa walikuwemo kwenye biashara hiyo, usije ukaona ni dhahabu na vitabu tu.

Ugonjwa wao ulikuwa nyumbani. Askia Muhammad mwenyewe alipinduliwa na mwanae 1528, mzee wa watu hata macho hayaoni tena. Askia Daud akaja kutuliza mambo miaka zaidi ya 30, ila alipofariki 1582 wanawe wakaanza kugombea kiti, na 1588 majeshi ya upande wa magharibi yakainuka kwenda Gao kumpiga Ishaq wa pili. Ishaq akashinda, lakini wale aliowapiga walikuwa askari wake mwenyewe, na magharibi yote ikabaki na kinyongo. Hapo ndo pananiuma kuliko Tondibi yenyewe, pale walipopigwa na hao wa Morocco.

Maana Tondibi ilikuwa miaka 3 tu baadae, Machi 1591. Sultani wa Morocco, Ahmad al-Mansur, alishaitamani Taghaza na dhahabu siku nyingi, akamtuma kamanda wake Judar Pasha na bunduki, na jangwa likaua wengi kabla hawajafika. Waandishi wa Timbuktu wanataja Songhai wapanda farasi 12,500 na wa miguu 30,000. Waliswaga ng'ombe mbele, bunduki zilipolia ng'ombe wakageuka wakawavuruga wenyewe. Lakini mwanangu, kuna kundi lilikaa chini juu ya ngao zao likakataa kukimbia, likauawa pale pale. Hao hawakulala.

Judar alipoingia Gao akamwandikia sultani kwamba nyumba ya mkuu wa waswaga punda kule Marrakesh, mji wa sultani, ni bora kuliko kasri la Askia. Ishaq akaomba amani kwa mithkali 100,000 na watumwa 1000, sultani akakataa, akamtoa Judar akaleta mwingine. Machimbo ya dhahabu hawakuyapata, hayakuwepo Gao wala Timbuktu, walichoshika ni soko tu, na dhahabu ikazidi kushuka pwani ambako Wareno walishajenga ngome Elmina toka 1482. Hao wa Morocco wakawakamata wanazuoni wa Timbuktu, mmoja wao Ahmad Baba akapelekwa Marrakesh akiwa na pingu, hakurudi mpaka 1608. Na huko Dendi, kusini, Askia Nuh aliendelea kuwapiga wavamizi miaka na miaka.

Ukija Idi ile ramani kubwa iko kabatini, nitakuonyesha Taghaza ilipo. Mama anakusalimia sana.

Baba yako