Ukienda Mödlareuth anzia kwenye kijito, makumbusho baadae

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia, anakuja Ujerumani kusoma, anataka akifika tu aende Berlin akaone ukuta. Nikamwambia sawa, Berlin nenda, ila ukipata wikiendi nyingine panda kwenda Mödlareuth, kijiji cha watu kama 40 hivi ambacho nacho kiligawanywa na ukuta kama Berlin, na nenda taratibu. Naandika hapa ili na wengine mpate.

Mi nilikuwa nasoma Hof, kaskazini kabisa mwa Bavaria, na kijiji chenyewe hakiko mbali na pale, kipo juu kidogo ya mji ukielekea mpaka wa jimbo la Thuringia. Katikati ya nyumba kinapita kijito kinaitwa Tannbach, kijito kidogo mno, mtoto wa darasa la tatu anakiruka. Sasa mara ya kwanza nilikosea, nilishuka kwenye gari la mwenzangu nikaingia moja kwa moja makumbusho, nikapiga picha mnara wa walinzi na kipande cha ukuta kilichoachwa, nikaondoka sijakiangalia hata hicho kijito, na bila kijito huelewi kitu pale.

Mara ya pili nilianza na maji. Pembeni yake kuna mawe ya mpaka ya mwaka 1810, upande mmoja ufalme wa Bavaria, upande wa pili himaya ya wakuu wa Reuß, ambayo leo ni Thuringia, yani mpaka ulikuwepo zamani sana, na zaidi ya miaka 130 haukumzuia mtu kitu chochote. Shule ilikuwa upande wa Thuringia, baa ya kijiji nayo huko huko, kanisani watu walikuwa wanaenda Töpen upande wa Bavaria, wanaoana, wanazikana, kijito kinavukwa mara kumi kwa siku. Mpaka ulikuwa wa kodi na makaratasi tu.

Alafu vita ikaisha, Thuringia ikaangukia kwa Warusi na Bavaria kwa Wamarekani, na mwaka 1949 zikazaliwa nchi mbili, Thuringia ikawa Ujerumani Mashariki na Bavaria Ujerumani Magharibi, lile jiwe la zamani likawa mpaka wa dunia mbili. Mwanzoni ulikuwa unavuka kwa kibali. Mwezi wa 5 mwaka 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki ikaufunga mpaka wote, wakalima ukanda wa mita 10 ili nyayo zionekane, mita 500 zikawa eneo la ulinzi mkali, kilomita 5 huingii bila ruhusa, na familia ambazo serikali haikuziamini zikahamishwa kwa nguvu. Kijijini likawekwa ua wa mbao, baadae nyaya, na mwaka 1966 ukuta wa zege wa urefu wa mita 700 hivi na kimo cha mita 3.3. Wamarekani wakapaita Berlin ndogo.

Kitu kilichoniuma zaidi ni hiki: wa upande wa mashariki walikatazwa hata kupunga mkono. Ndugu yako unamuona yuko juu kwenye kilima ng'ambo anakupungia, na wewe unageuka kama hujamuona, kwa sababu mlinzi anakuangalia. Mi ni wa Mkinga, Tanga, shangazi angu anaishi Lunga Lunga, upande wa Kenya, na ule mpaka wetu waliuchora Wajerumani na Waingereza mwaka 1886 ukapita katikati ya Wadigo, lakini harusi tunaenda na matanga tunaenda. Nilisimama pale kwenye kijito nikamuwaza shangazi, nikashindwa kuongea na mwenzangu kwa muda.

Kwahiyo ushauri wangu. Tembea kijiji chote kwa miguu, pande zote mbili, ni kidogo hutachoka. Angalia namba za magari, upande mmoja HO za Hof, mwingine SOK za wilaya ya Saale-Orla, na namba za posta ni mbili, upande wa Bavaria ya Töpen 95183 na upande wa Thuringia ya Gefell 07926, maana hadi leo kijiji kiko kwenye majimbo mawili. Upande wa Bavaria watakusalimia Grüß Gott, ukivuka utasikia Guten Tag, jibu kama ulivyosalimiwa. Nyumba za watu usizipige picha ovyo, wanaishi mle. Vaa viatu vya matope, na kama ni miezi ya baridi valia kweli kweli kwa sababu upepo wa pale juu haukuoni huruma. Usitegemee basi, hasa jumapili, tafuta mwenye gari, na siku za kufungua makumbusho ziangalie kabla hujatoka nyumbani.

Ukimaliza hayo ndo uingie ndani, sasa hivi kila picha utakayoiona utajua ilipigwa umesimama wapi. Utaona ile ya tarehe 9 Desemba 1989, mwezi mzima baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, walipofungua njia ya miguu ukutani, na utaambiwa jinsi tarehe 17 Juni 1990 sehemu kubwa ya ukuta ilivyoangushwa. Ukitoka rudi tena pale Tannbach, ruka uende ng'ambo, halafu ruka urudi.