Lupasi yangu na jua la mwaloni

Kwa miaka sita nilianika dagaa mwaloni, yaani ufukweni mwa ziwa wanaposhushia samaki, hapa Mwanza. Unatandaza asubuhi, unageuza jua likiwa kali, jioni unakusanya. Kazi hiyo imenisomeshea watoto na sitaisema vibaya. Lakini kila nikianika siku tatu nne mfululizo nilikuwa naanguka: homa, uchovu, vidole vinauma hadi nashindwa kufunga kitenge. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, nikarudishwa kwenye malaria. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba nimerogwa.

Upele ndio uliotoa siri. Ulitanda mashavuni na juu ya pua, ila mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo ikabaki safi kabisa. Daktari alinishika kidevu, akanigeuzia uso dirishani, akauliza, "Mama, kazi yako ni ya juani?" Vipimo vya damu na mkojo vikaonyesha ni lupasi. Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo. Katika kila wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake.

Naulizwa sana kama jua ndilo lililonipa ugonjwa. Si jua peke yake. Kuna wanaozaliwa na mwili ulio tayari kuupata, lakini hata kwa mapacha wa kufanana mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Kwa hiyo yako yanayotoka nje. Miale ya jua huua seli za ngozi. Zikipasuka, vya ndani ya kiini cha seli vinamwagika, na kinga ya mwenye lupasi inaviona adui. Vita ikishaanza haibaki kwenye ngozi. Ndiyo maana nilichomwa usoni nikaumwa magoti.

Dada yangu, usidhani weusi wa ngozi unatosha kukukinga. Jikinge hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hata kukiwa na mawingu. Maji na mchanga vinarudisha miale kutoka chini, hivyo kofia peke yake haifui dafu. Vaa mikono mirefu. Kabla hujanunua mtandio uinue juani. Ukiona mwanga unapenya, chagua mwingine. Losheni ya kukinga jua iwe namba 30 (SPF) kwenda juu, na uipake tena kila baada ya saa mbili.

Mkorogo, nakuomba, uache. Nilipopata upele nilishauriwa na jirani niupake, na kweli uso ulitulia wiki mbili, kwa sababu mikorogo mingi ina steroidi, dawa inayotuliza upele. Ugonjwa ukajificha huku ukiendelea ndani. Mingine ina zebaki, nayo inaharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wa figo, na wengi wao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Lupasi nayo inazitafuta figo hizo hizo.

Kliniki nilikaa benchi moja na mama anayeponda kokoto. Mawe yetu haya ya graniti yana madini ya silika, na vumbi lake ni kati ya mambo ya kazini yanayohusishwa sana na lupasi. Kanga puani haizuii vumbi laini; kulowesha jiwe kabla ya kuponda kunasaidia zaidi. Sigara nayo ni adui. Na zipo dawa, kama isoniazidi ya kifua kikuu na haidralazini ya presha, ambazo kwa baadhi ya watu huleta dalili za lupasi, zikaondoka dawa ikisimamishwa. Usiiache mwenyewe! Kifua kikuu kinaua. Mwambie daktari, aamue yeye.

Mimi sasa nafika mwaloni alfajiri kununua, kugeuza anageuza mpwa wangu, nami nauza nikiwa bandani. Haidroksiklorokwini, dawa yangu ya lupasi, nameza kila siku, na kwa ajili yake macho napimwa. Nina daftari la shule la kurasa 48: tarehe, nilikuwa wapi, nilipaka nini, nilimeza nini, kiungo gani kimeuma. Daktari hulisoma kabla hajanigusa. Anza na lako leo, hata kama bado hujaambiwa unaumwa nini, na siku ya kliniki nenda nalo.