Ukienda Kilwa Kisiwani, nenda na kazi yako

Mara ya kwanza nilirudi kutoka Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale huko pwani ya kusini ya Tanzania, na picha zaidi ya sitini kwenye simu na sikuwa na cha kumsimulia mtu. Tulikuwa watu saba, tumevuka saa sita mchana, jua la utosi. Mtembezaji alitaja masultani kama mwalimu anayeita mahudhurio, sisi tunaitikia "eheee", na kufika saa nane swali lililobaki lilikuwa wapi pana samaki wa kukaanga. Kosa halikuwa lake. Tulikwenda kutazama mawe, tukayaona.

Miaka minne baadaye nikarudi na mke wangu, fundi cherehani, na shemeji yangu, mhasibu. Mimi ni mwashi. Mzee aliyetupokea safari hiyo hakuanza na jina la sultani yeyote. Alituuliza, "Ninyi huko mtokako mnafanya kazi gani?" Tukamwambia. Basi siku nzima akatutembeza kwa kazi zetu, na huo ndio ushauri wangu kwa yeyote anayekwenda kwenye magofu yoyote: ingia na ujuzi ulio nao, uliza maswali ambayo ungeuliza kazini.

Mimi nilipewa Husuni Kubwa, lile jumba la sultani. Mzee akaniambia nipime chumba kwa hatua. Hatua tatu na kidogo, ukutani. Nikaingia cha pili: hivyohivyo. Cha tatu kirefu kama ushoroba, upana uleule. Sasa, jumba hili lina vyumba zaidi ya 100, na aliyelijenga mwanzoni mwa karne ya 14 ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu ambaye dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwake. Kwa nini tajiri wa namna hiyo ajibane? Nilicheka peke yangu nilipolipata jibu: boriti. Dari lilikuwa la mawe na chokaa, mzigo mzito, na boriti ya mkoko ukiivusha mita tatu hivi inaanza kukuinamia. Urefu wa chumba unaweza kuuongeza upendavyo, lakini upana umekwisha kuamuliwa na mti. Sultani na mvuvi wote walikuwa chini ya amri ya mkoko.

Ukishalijua hilo, Msikiti Mkuu unausoma kama ramani. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au 12, nayo ni ndogo. Ile ya kusini ni upanuzi wa karne ya 14, na humo ndimo mafundi walipoamua kuachana na boriti wakaingia kwenye matao na makuba, maana tao linajibeba lenyewe. Upanuzi ule uliporomoka, ukajengwa upya karne ya 15. Mwashi akisikia hivyo anafarijika kidogo. Pitisha mkono pia kwenye fremu za milango na mihrabu: lile ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, wakati bado linachongeka kama mhogo, kisha likaachwa likauke ligande.

Shemeji yeye alitaka hela. Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina! Geuza sarafu umalizie ubeti. Kilichomkera ni kwamba hazina mwaka. "Hesabu gani hizi zisizo na tarehe?" alirudia njia nzima. Lakini alitulia aliposikia kwamba sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, magofu ya mji mwingine wa mawe, mbali kabisa ndani ya bara, kule upande dhahabu ilikotoka. Na alipoambiwa kwamba Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu mwaka 1502, na kwamba dhahabu hiyo ilifuliwa ikawa chombo cha ibada cha kanisa mwaka 1506, ambacho mpaka leo kiko makumbusho Lisbon, alisema, "Basi risiti ipo." Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1505, meli za Mreno mwingine, Francisco de Almeida, ziliupora mji wa Kilwa.

Hapo mzee akatupa kisa cha Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331. Maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha al-Hasan njiani akitoka msikitini Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kuzivua akampa, na zawadi nyingine juu yake. Sultani alipokufa, utawala akaushika nduguye Daud, naye Daud mwombaji akimjia alimwambia mwenye kutoa amekufa, wala hakuacha cha kutoa. Shemeji alimwelewa zaidi Daud.

Mke wangu yeye alitaka habari za kitambaa. Tarihi ya Kilwa, maandishi ya kale ya habari za mji huu, inasema Ali bin al-Hasan wa Shiraz, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wengi huipita hadithi hii haraka ili wagombane kama mji ulijengwa na wageni au wenyeji. Mimi ugomvi huo siupendi tena. Watu waliishi hapo kwenye nyumba za miti na udongo kabla ya misikiti ya mawe, na utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wa miji hii ya pwani walikuwa na damu za pande zote mbili, Afrika na Uajemi. Mke wangu aliuliza swali bora: hizo nguo nani alizisokota? Mzee akamweleza juu ya vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea pamba, vilivyofukuliwa palepale kisiwani.

Mambo ya safari ni machache. Kibali kichukue Kilwa Masoko, mji wa bara, kabla ya kuvuka, na uvuke asubuhi. Vaa viatu vya kufunga, beba maji ya kutosha. Mtoto akikuletea ushanga au sarafu ya zamani, usinunue hata kwa kumhurumia. Sheria inalinda vitu hivyo tangu mwaka 1964, na kikishatoka ardhini kikaingia mfukoni mwako hakimwambii tena mtu kitu. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, ipange siku yake, na muulize nahodha habari za maji kupwa, la sivyo utavuka tope la mikoko na viatu mkononi.

Husuni ndiko tulikomalizia. Pale pana birika lenye pembe nane, juu kabisa ya mwamba, bahari iko chini. Mke wangu alitoa futi yake ya kushonea kwenye mkoba, shemeji akashika ncha ya pili, wakaanza kupima ubavu mmoja mmoja huku wakibishana ni ndoo ngapi na nani alizipandisha. Mzee alikaa kivulini akawaacha. Nahodha alituita mara mbili.