Skana bado ina cha kusikiliza

Swali lenu la wiki hii: "Mawasiliano mengi yamehamia dijitali na kufungwa kwa usimbaji. Je, kusikiliza kwa skana bado kuna raha?"

Skana, yaani redio inayopekua masafa mengi ikitafuta mazungumzo, bado ina raha, ila si pale wengi wanapoitafuta. Polisi wa nchi nyingi wamekwisha kufunga mawasiliano yao, na sauti iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, haifunguliwi na skana yoyote, hata iwe ghali namna gani. Dijitali isiyosimbwa, kwa mfano mifumo ya redio za mkononi iitwayo P25 na DMR, skana za dijitali zinaisoma. Kwanza soma sheria ya nchi yako, maana kwingine hata kusikiliza tu ni kosa.

Anga imebaki wazi. Marubani huzungumza kwa AM, njia ya kubeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya wimbi, kati ya megahezi 118 na 137, na AM hiyo ina kazi yake. Katika FM, inayobadilisha masafa badala ya nguvu, wimbi lenye nguvu humeza lililo dhaifu, na msikilizaji hajui kamwe kwamba kulikuwa na mwingine anaita. Katika AM, wawili wakibonyeza kwa pamoja husikika mluzi mkali, na mwongoza ndege anajua papo hapo kwamba kuna ujumbe uliopotea. Ukiusikia mluzi huo, subiri: mara nyingi kinachofuata ni mtu kuombwa arudie. Baharini nako kuna chaneli 16, ya wito na dharura za meli, megahezi 156.8, kwa FM.

Teknolojia iliyotufungia milango imetufungulia mwingine. Tangu 2012 inajulikana kwamba kifaa kidogo cha USB cha kupokelea televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kuwa redio ya kompyuta. Kikiwa na tyuna (sehemu inayochagua masafa) ya R820T2 hupokea kuanzia megahezi 24 hadi takriban 1,700, na skrini hukuonyesha upana wa megahezi 2.4 kwa mara moja. Skana ya kawaida hurukaruka chaneli moja moja. Hapa kila anayeita unamwona akichomoza. Kwenye Windows utahitaji programu ya Zadig kuweka draiva. Chagua "Bulk-In, Interface 0" na uhakiki jina kabla ya kubonyeza, kwani ukikosea unaweza kubadilisha draiva ya kipanya chako.

Kinachowakatisha tamaa wengi ni ukuzaji wa mawimbi, ambao kwenye programu huandikwa "gain". Wanaupandisha hadi mwisho, kisha wanasikia muziki katikati ya masafa ya ndege. Vituo vya FM vya megahezi 88 hadi 108 vimeizidi nguvu chipu, ambayo ni ya biti 8 tu, hivyo haimudu wimbi kali na dhaifu kwa pamoja. Anza na sifuri, pandisha polepole ukitazama mstari wa kelele chini ya skrini. Unapoanza tu kunyanyuka, simama hapo. Muziki ukiendelea, weka kichujio cha kuzuia FM kati ya antena na kifaa.

Halafu antena, na hapa ndipo ningeweka juhudi kuliko penginepo. Ile fupi inayokuja na kifaa haifai kukaa mezani kando ya kompyuta. Chaja na skrini zinaichafua kwa kelele. Chukua waya mgumu wa shaba wa milimita 2. Kata mmoja wa sentimita 56 usimame katikati ya soketi ya antena, na minne ya sentimita 59 ifungwe kwenye ganda lake, ikiinamishwa chini kwa nyuzi 45. Bila mwinamo huo antena hailingani vizuri na kebo ya omu 50 inayoiunganisha na kifaa. Ipandishe juu kadiri uwezavyo, lakini kebo iwe fupi: mita nyingi za kebo nyembamba hula kile ulichokipata kwa kupanda.

Antena hiyohiyo hunasa hata kituo cha anga cha kimataifa kwenye megahezi 145.8, FM, wanaanga wanapozungumza na wanafunzi. Mwendo wake husogeza masafa, hivyo kinapochomoza weka kilohezi 3 juu ya hapo, shuka taratibu kadiri kinavyopita, umalizie kilohezi 3 chini. Una takriban dakika 10.